HISTORIA YA PRESHA KUKA ZA UMEME KATIKA KIKUNDI CHETU, NA TATIZO LA KUPATA JOTO KUPITA KIASI



Katika kutengeneza kitabu hiki tumegawana kazi. Katibu ameandika jinsi kikundi kilivyoanza mwaka 2015, na mweka hazina ameandika habari za hisa na mikopo. Sisi upande wa mwenyekiti tumepewa kuandika habari za presha kuka za umeme. Wapo watakaouliza, jamani, sufuria nayo ina historia? Ndiyo, inayo. Katika miaka yote 10 hakuna kitu kilichotaka kukivunja kikundi hiki kama zile sufuria. Korona ilipita tukabaki. Mavuno yalipokuwa mabaya tulibaki. Lakini mwishoni mwa mwaka 2023 tulifika mahali wanachama hawasalimiani, na chanzo chake kilikuwa sufuria zinazopata moto mpaka zinajizima zenyewe.

Kwa hiyo tumeona yaandikwe, ili mwanachama mpya ajue tulipita wapi, na aliye na presha kuka nyumbani apate la kumsaidia.

TULIKOTOKA

Wengi wetu tumezaliwa tukakuta mafiga matatu na kuni. Tulipohamia huku pembeni mwa mji wa Dodoma tukaingia kwenye mkaa. Miaka ya 1980 wenzetu wa Kenya walitengeneza jiko la mkaa la bati lenye udongo wa kuchoma kwa ndani, likapunguza ulaji wa mkaa. Hapa kwetu Tanzania majiko ya namna hiyo yakajulikana kama Jiko Bora. Ni majiko mazuri na mpaka leo tunayo. Lakini mkaa ni mkaa tu. Bei inapanda, misitu inakwisha, na moshi unabaki kifuani.

Shida yetu kubwa ilikuwa maharage na makande. Dodoma tupo juu, kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mahali palipo juu maji huchemka mapema. Wakati Dar es Salaam yanachemka kwenye nyuzi 100, hapa kwetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hata ukichochea moto namna gani hayapandi zaidi ya hapo, yanapungua tu. Ndiyo maana maharage yanakaa jikoni saa mbili, saa tatu, na mkaa unakwenda. Kwa mwenzetu anayeuza chakula, hiyo ndiyo faida yake inayoteketea pale.

PRESHA KUKA ILITOKA WAPI

Kitu hiki si cha jana. Mwaka 1679 Mfaransa mmoja aitwaye Denis Papin, akiwa London, alitengeneza chungu cha chuma chenye kifuniko cha kubana. Alitaka kulainisha mifupa. Aligundua kwamba mvuke ukifungiwa, maji yanakuwa ya moto kupita pale yanapochemkia kwa kawaida, na kigumu kinalainika. Lakini mvuke uliofungiwa una nguvu ya kupasua chungu. Basi Papin akaweka kizibo chenye uzito, mvuke ukizidi unakiinua na kutoka. Kile kidude kinachotoa mvuke juu ya presha kuka zetu leo, ukoo wake ni huo.

Upande wa umeme, sufuria inayojizima yenyewe ilitoka Japani. Mwaka 1955 kampuni ya Toshiba ilitoa sufuria ya umeme ya kupikia wali. Kazi ya kuibuni ilifanywa na fundi Yoshitada Minami, lakini aliyekaa jikoni kupika wali tena na tena na kupima joto ni mke wake, Fumiko Minami. Tunaandika jina lake hapa kwa sababu akina mama hufanya kazi na majina yao hayaandikwi.

Ujanja wao ulikuwa hivi. Walitumia sufuria mbili, moja ndani ya nyingine, na kati yake wakatia maji kidogo. Maji yakiwepo, joto halipiti nyuzi 100. Yakikauka, joto linapanda ghafla, na hapo kipande cha madini mawili yaliyogandishwa pamoja kinajikunja kwa joto na kukata umeme. Akina mama, hapa ndipo pa kushika. Maji ndiyo yanayozuia joto. Yakiisha, au joto likishindwa kuyafikia, lazima kitu kiungue au kijizime.

Mwaka 1991 huko China, Yong-Guang Wang aliandikisha kisheria ubunifu wa presha kuka ya umeme, yaani chungu cha Papin na sufuria ya kujizima katika chombo kimoja. Presha kuka ya kawaida ya leo inabana mvuke mpaka maji yanapita nyuzi 110. Maharage yaliyolowekwa yanaiva chini ya saa moja, na umeme unaokwenda hauzidi nusu uniti au zaidi kidogo, kwa sababu mvuke ukishajaa, moto unawaka na kuzima kwa zamu.

MKOPO WA MWAKA 2023

Mwezi Novemba 2022 ulifanyika mkutano mkubwa wa nishati safi ya kupikia Dar es Salaam, na Rais Samia Suluhu Hassan alikuwepo. Tulisikiliza kwenye redio. Katika vikao vyetu maneno yakaanza: kwa nini tunakopeshana fedha za mkaa kila mwezi, tusikopeshane jiko lenyewe?

Mwaka 2023 kikao kikapitisha mkopo wa presha kuka. Wanachama 16 waliomba. Bei ya moja ilizidi bei ya magunia mawili ya mkaa. Makubaliano yalikuwa kurudisha kwa miezi 10, riba ndogo, na fedha zote zilitoka kwenye sanduku letu la kufuli tatu. Hatukuwa na mfadhili. Ilikuwa ni akiba ya wauza mboga, washona nguo, na wajane wanaosomesha watoto.

Miezi ya kwanza ilikuwa raha tupu. Waliokuwa wanaamka saa 10 usiku kuwasha mkaa wakawa wanaamka saa 11 na nusu.

JOTO LINAANZA

Kuanzia Septemba 2023 nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Umeme unakatika, unarudi, unapungua, unaongezeka. Katika kipindi hicho presha kuka zikaanza kusumbua moja baada ya nyingine. Hii inazima kabla maharage hayajaiva. Hii inapiga kelele na kuandika herufi na namba ambazo hatuzijui. Hii inatoa harufu ya plastiki. Hii chakula kinaungua chini na juu ni kibichi. Mpaka Novemba zilikuwa 7 katika zile 16.

Maneno yakawa mengi. Wengine walisema ni mali feki. Wengine walisema ni mgao tu, tungoje. Muuzaji alisema hazirudishwi. Na mwanachama mmoja akasimama kwenye kikao akasema, "Nilipe nini wakati kitu kimekufa?" Wengine 6 wakamuunga mkono. Wakaacha kuleta marejesho.

Mwenzake akamjibu palepale, "Fedha ya kikundi haipiki maharage. Fedha ya kikundi inarudi sandukuni."

Tuseme ukweli, wote wawili walikuwa na haki. Mmoja alikuwa analipia kitu kisichomsaidia. Mwingine alikuwa na hisa zake mle, na mwezi wa Desemba ndio mwezi wetu wa kugawana. Mgao wa umeme ukakutana na mgao wa hisa. Bila yale marejesho 7 hesabu haikufunga, na karo za Januari zilikuwa zinategemea hesabu hiyo.

Kabla hatujakaa sawa likatokea lingine baya zaidi. Mwenzetu mmoja alikuwa amempelekea fundi wa mtaani presha kuka iliyozima kabisa. Fundi akaikuta fyuzi ya joto imekatika. Akaitoa, akaunganisha waya moja kwa moja. Ikawaka, mama akafurahi. Siku ya tatu ikawa haizimi tena. Maji yalikauka, chakula kikawa mkaa, kitako kikayeyuka na meza ikaanza kushika moto. Mtoto wa jirani ndiye aliyeona moshi, akachomoa waya ukutani. Nyumba ilipona kwa sababu hiyo tu.

Ndugu wanachama, fyuzi ya joto ni mlinzi wa mwisho. Ikikatika hairudi, na imekatika kwa sababu. Kuiondoa ni kama kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele.

DAFTARI LA MAJIKO

Baada ya tukio hilo kamati iliitisha kikao cha dharura. Likapitishwa jambo moja: hakuna kulaumiana, hakuna kudaiana faini, mpaka kila presha kuka ijulikane inaumwa nini. Tukafungua daftari, kila jiko na ukurasa wake. Binti wa mwenzetu mmoja, aliyesoma umeme VETA, akakubali kuja na mita yake siku tatu mfululizo.

Alitufundisha kuanza na swali moja: joto liko wapi? Kwenye plagi na waya, chini ya sufuria, au kwenye kifuniko? Kila mahali pana ugonjwa wake. Na alitufundisha kuanza na cha bure, kabla ya kufungua skrubu hata moja. Haya ndiyo tuliyoyakuta, kama yalivyoandikwa.

Mbili zilikuwa nzima kabisa. Joto lilikuwa kwenye plagi. Presha kuka ya uwati 1,000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta zaidi ya ampea 4, kwa muda mrefu. Zile mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye ekstensheni za waya mwembamba, na moja ilikuwa inashirikiana na pasi. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo unapata moto, hasa ukiwa umekunjwa kama kamba. Tundu la plagi linalegea, na likilegea linazidi kupata moto. Harufu ya plastiki ilitoka hapo. Zilipochomekwa ukutani kwenye soketi imara, zikapika.

Mbili nyingine joto lilikuwa chini ya sufuria ya ndani. Katikati ya bamba la moto pana kitufe kinachobonyea, hicho ndicho kinachopima joto. Moja ilikuwa na punje za mchele zilizoungua pembeni ya kitufe. Sufuria haikukaa sawa, bamba likawa linapata moto bila kuupeleka kwenye chakula, na jiko likajizima kujiokoa. Ya pili kitako chake cha ndani kilikuwa na tabaka jeupe la chumvi ya maji yetu ya kisima, na mwenyewe alikuwa anakaanga vitunguu na nyanya humo humo, kisha anaongeza maharage bila kukwangua chini. Uzito wa nyanya unaganda, maji hayagusi chuma, joto linapanda. Ni hivyo hivyo kwa wali wa nazi ukianza na tui zito. Siki na maji ya moto viliondoa lile tabaka, na mwiko wa mti ukafanya kazi iliyobaki.

Moja ilikuwa na ugonjwa wa kifuniko. Mpira wake ulikuwa umelegea, mvuke ukawa unatoka pembeni polepole. Presha haijai, jiko linaendelea kuwaka likiitafuta, mwisho maji yanakwisha. Dalili yake ni kile kidude kidogo kinachotakiwa kupanda juu, hakipandi. Mpira mpya ulimaliza.

Moja tu ndiyo iliyokuwa mbovu kweli, nayo ni ile iliyotaka kuunguza nyumba. Swichi yake ya ndani iligandiana ikawa haikati umeme. Ndiyo maana fyuzi ilikatika mwanzoni. Fyuzi ilifanya kazi yake, akaadhibiwa fyuzi na mkosaji akaachwa. Hiyo haikutengenezeka.

Ya saba haikukaguliwa. Tutaieleza.

Kuhusu zile herufi na namba, kila kiwanda kina zake, kwa hiyo kile kijitabu kinachokuja na boksi kisitupwe wala kisifungiwe maandazi. Katika nyingi tulizoziona E3 ni joto kupita kiasi, na E1 au E2 ni kitufe cha kupima joto. Jiko likiandika hivyo likiwa limepoa na ni safi, hapo ndipo linakwenda kwa fundi anayejulikana.

MAREJESHO

Daftari likasomwa mbele ya kikao, ukurasa kwa ukurasa. Wenye majiko 5 yaliyopona walirudi kulipa, na wakalipa na miezi iliyopita. Mgawo wa hisa ulichelewa mpaka Januari 2024, lakini ulifanyika, na shilingi ya mtu haikupotea.

Kwa mwenye jiko lililokufa palikuwa na mvutano mkubwa. Baadhi walisema mkopo ni mkopo. Wengine walisema alikopa jiko kwa ushauri wa kikao, na kikao kisimwache peke yake. Kura zikapigwa. Ikaamuliwa alipe nusu ya deni lililobaki na mfuko wa jamii ulipe nusu. Wapo ambao mpaka leo hawakuupenda uamuzi huo, na tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Sasa ya saba. Mwenzetu mmoja, katika wale walioanzisha kikundi mwaka 2015, alikuwa amechoka na maneno. Wiki moja kabla ya ukaguzi aliiuza presha kuka yake kwa bei ya kutupa, akarudi kwenye mkaa. Deni alilipa lote, mpaka senti ya mwisho, kwa fedha ya vitumbua. Baadaye tukajua aliyeinunua ni mama ntilie wa stendi, na anaitumia kila siku. Alipoulizwa kama inasumbua alishangaa. Yeye anaichomeka ukutani. Mwenzetu aliposikia hayo hakusema kitu, ila mwezi uliofuata hakuja kikaoni, wala uliofuata. Tulimfuata nyumbani mara mbili. Alitupokea vizuri, akatupa chai, akasema moyo wake umepoa. Jina lake halijafutwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la wanachama, na kiti chake kipo.

Hilo ndilo deni ambalo kikundi hakijalilipa.

TANGU HAPO

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Ni lengo zuri na tunaliunga mkono. Lakini uzoefu wetu ni kwamba kugawa majiko ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni soketi imara, waya mnene, mpira wa akiba, na mtu wa kuuliza jiko linapozima. Mama asipokuwa na mtu wa kuuliza, atarudi kwenye mkaa, na hatutakuwa na haki ya kumcheka.

Mkaa hatujauacha wote. Ugali na chapati wengi bado wanapika kwenye jiko la mkaa au gesi. Lakini maharage, makande, nyama ngumu na kande la sherehe ni kazi ya presha kuka.

Tangu mwaka 2024 kila anayekopa jiko husomewa utaratibu huu, naye hutia sahihi:

1. Chomeka ukutani, peke yake. Plagi ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, zima, ita fundi umeme.
2. Kabla ya kupika, chomoa, toa sufuria ya ndani, pangusa kitako chake na bamba mpaka vikauke. Bonyeza kitufe cha katikati uone kinarudi juu.
3. Maji yasipungue kiwango kilichoandikwa kwenye kijitabu, na chakula kisipite alama ya juu. Maharage yasizidi nusu ya sufuria, maana yanavimba.
4. Ukikaanga, kwangua chini kabla ya kufunga. Nyanya ya kopo na tui zito viingie mwisho.
5. Angalia mpira na tundu la mvuke kila mara. Kidude kisipopanda, usiendelee kuongeza dakika. Zima, subiri mvuke uishe, kisha ufungue.
6. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache.
7. Likijizima kwa joto, usilipige wala usiliwashe tena hapo hapo. Chomoa, acha lipoe, kisha anza na namba 1.
8. Fyuzi ya joto haiunganishwi kwa waya. Kwa fundi yeyote, kwa bei yoyote.

HITIMISHO

Daftari la majiko lipo kwa katibu, na lina kurasa nyingi zilizobaki wazi. Mwenye jiko linalosumbua asinung'unike chini ya mwembe. Alete siku ya kikao, tuliandike, tulitazame, kabla ya rejesho halijasimama na kabla ya mtu hajauza mali yake kwa hasira. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi tumeona kutokuuliza kuna gharama.

Tunawashukuru wanachama wote, waliolipa mapema na waliolipa kwa shida. Tunamshukuru binti yetu fundi, ambaye hakutaka malipo ila nauli. Na kwa mwenzetu aliyekaa pembeni, tunajua kitabu hiki kitakufikia. Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa 9 alasiri, mahali palepale.